Ruksa na Ushirika katika Nira Moja

Shishiyu, Maswa
18 Juni 1995

Shemeji Luhaga,

Mwangaluka. Hali yako sikuulizi, kwa sababu kila lori la pamba linalotoka Bariadi linaleta habari kwamba umenenepa. Sisi huku ni wazima. Mama yako naye ni mzima, ingawa hujamuulizia tangu tulipomaliza matanga ya kaka yako Mabula.

Mzee Ngeleja ameniambia uliyoyasema kwenye kikao cha ukoo. Umesema kaya yangu haina mwanaume, haina maksai, na shamba la barabarani litalala msimu huu. Wazee wamekukubalia nusu. Nikililima kwa ng'ombe wa kaya yangu, bila kukodi plau ya mtu, shamba ni langu na watoto wa Mabula. Nisipolilima linarudi kwenye ukoo, yaani kwako. Nakushukuru kwa kunisemea vizuri namna hiyo.

Sasa tuambizane ukweli. Maksai wa kaya hii walikuwepo. Mabula alilima nao miaka yote, na wewe uliwaswaga kwenda Bariadi siku niliyosema mbele za watu kwamba sirithiwi. Nilisema kwa adabu. Wewe una mke, Monika, ambaye hajanikosea kitu, na mimi nilikuwa sijamaliza kumlilia mume wangu. Ukaondoka na maksai, ukaniachia plau isiyo na wa kuivuta.

Nimebaki na jike mmoja wa maziwa na madume wawili ambao hawajawahi kuvaa nira, wale uliokuwa unacheka majina yao. Ruksa aliitwa hivyo kwa sababu tangu ndama aliingia shamba la kila mtu bila kuuliza. Ushirika aliitwa hivyo kwa sababu anakula siku nzima na huoni faida yake. Huku hakuna anayekubali kunifundishia. Kila ninayemwomba anajibu kwamba Luhaga amekataza, kisha ananiambia kwamba mtu aliyejua kufundisha ng'ombe kuliko wote katika nzengo hii, kitongoji chetu kizima, ni wewe, kabla hujavaa viatu vya ofisi.

Umechukua waliofundishwa. Basi niambie wanafundishwaje.

Mimi shemeji yako,
Philomena

*

Bariadi
27 Juni 1995

Shemeji Philomena,

Barua yako nimeipokea kwa mkono wa kondakta, imepakwa mafuta ya dagaa. Nimeisoma nje ya nyumba ili Monika asisikie harufu yake wala maneno yake.

Nikurekebishe mambo machache. Mimi si karani wa chama cha Ushirika tena. Walipopunguza watu kiwandani nilikuwa wa kwanza kuondoka na wa kwanza kupata kazi nyingine. Leo ni wakala wa kampuni binafsi inayonunua pamba, nina mzani na lori. Dunia imebadilika, shemeji. Shamba lililo kando ya barabara sasa ni mali kubwa, si mahali pa mjane kuchungia mbuzi.

Maksai niliowachukua ni wa mahari ya ukoo wetu. Uliukataa ukoo, ukoo ukachukua chake. Mlango bado uko wazi ukitaka kubadili jibu lako.

Kuhusu kufundishwa, umenichekesha. Kazi ile haiandikwi kwenye karatasi. Mimi na Mabula tulifundishwa na baba tangu tukiwa wadogo, na siku niliyokosea nililala bila kula. Mabula alikosea mara nyingi zaidi, ila yeye alikuwa mpenzi wa mama na aliletewa ugali nyuma ya ghala. Mwanamke aliyefundisha maksai Shishiyu sijamsikia. Wewe palilia bustani, subiri mvua, na wazee watakapokuja uwakaribishe vizuri.

Shemeji yako kwa sasa,
Luhaga

*

Shishiyu
9 Julai 1995

Shemeji,

Nimeanza bila wewe. Nimewafunga wote wawili nira kwa mara ya kwanza jana saa saba mchana, ili jua liwachokeshe upesi. Nikawafunga plau hapohapo na kuanza kuwachapa. Ruksa aligeuka mpaka tukatazamana uso kwa uso, nira ikapinduka chini ya shingo zao, na Ushirika akakaa kama mbwa.

Watu walijaa barabarani. Mayala, yule muuza mafuta ya taa, akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamjibu kwamba hivi ndivyo baba mkwe alivyokuwa akifundisha, na ndivyo Luhaga alivyonielekeza. Walicheka sana. Mayala akasema kumbe sifa zote zile za Luhaga zilikuwa maneno ya pombe.

Kesho naendelea vilevile. Nimekata fimbo nene zaidi.

Philomena

*

Bariadi
15 Julai 1995

Philomena,

Acha. Barua hii ikikukuta na fimbo mkononi, iweke chini kabla hujasoma mstari wa pili.

Umelitaja jina la baba yangu barabarani kwa upuuzi ule? Baba hakuwahi kufunga dume jipya mchana. Hakuwahi kumfunga plau dume ambaye hajui hata gogo. Mwambie Mayala nikipita huko nitamnyamazisha, na wewe nitakunyamazisha kwenye kikao. Lakini kwanza uwaache hao ng'ombe, wamekukosea nini?

Sikiliza, maana sitarudia. Usiguse nira kabisa kwa sasa. Kila mmoja mfunge kamba pembeni, umzoeze kusimama ukiwa karibu naye. Mshike mgongo, mshike masikio, mshike miguu. Mpe magadi kwenye kiganja chako, huku ukilitaja jina lake kwa sauti ya kawaida. Dume akilijua jina lake na mkono wako, nusu ya kazi umeimaliza, na wajinga wengi hawajui hiyo nusu ipo.

Kisha nira tupu, alfajiri, kukiwa na baridi. Waache waivae na kula majani nayo. Amua sasa hivi nani wa kulia na nani wa kushoto, na usibadilishe mpaka wafe, kwa sababu ng'ombe hajifunzi kulima tu, anajifunza kulima upande wake. Ili wasigeuke kama walivyokugeukia, wafunge mikia pamoja kwa kamba laini, fundo la kuvutika upesi. Akitaka kugeuka anajivuta mkia mwenyewe na anaacha. Baba alikuwa anatumia kamba ya katani iliyolowekwa. Nilikuwa mimi ninayeiloweka, si Mabula. Mikono yangu ilikuwa inanuka katani hata kanisani, na nilikuwa naipenda harufu hiyo.

Wakishatembea na nira bila ugomvi, wafunge gogo. Gogo jepesi, mwendo mfupi, kisha wafungue wakiwa bado wana nguvu, ili kesho waione kazi si adhabu. Atakayewafungua wamechoka amewaharibu.

Haya yote hayakusaidii kitu. Mvua itakukuta bado unashika masikio. Nimeandika kwa ajili ya jina la baba.

Luhaga

*

Shishiyu
23 Julai 1995

Mdogo wangu Generoza,

Nakuandikia nikiwa nacheka peke yangu, kitu ambacho sijafanya tangu Mabula afariki. Nakunakilia humu barua ya Luhaga. Soma utulie.

Sikuwafunga ng'ombe wale saa saba. Sikuwachapa. Sikuwa nimewagusa kabisa, kwa sababu nilikuwa sijui pa kuanzia na nilikuwa nawaogopa. Niliyoyaandika yalimpata Method, jirani yetu, miaka ile, nikayachukua yote nikajivika mwenyewe. Barabarani hakukuwa na mtu, na Mayala maskini hajasema lolote.

Mabula aliwahi kuniambia jambo moja kuhusu mdogo wake. Alisema Luhaga ukimtukana atakujibu akinenepa, lakini ukifunga kamba vibaya mbele yake ataacha chakula aje aifungue. Nilipopata barua yake ya kwanza, ile ya kunicheka, nililia kwa hasira mpaka nikalikumbuka neno hilo. Ndipo nikaandika ujinga wote nilioufahamu.

Sasa nashika masikio. Ruksa analijua jina lake na analamba magadi mpaka vidole vinauma. Ushirika bado ananitazama kama karani wa zamani anayeona foleni. Namchukia Luhaga, Generoza, namchukia kwa moyo wote, na kila asubuhi nafanya anavyosema neno kwa neno.

Wasalimu shemeji na watoto.

Dada yako,
Philomena

*

Mwanhuzi
4 Agosti 1995

Dada,

Mimi sijacheka. Huku kwetu ukame umetubana, ng'ombe wanakonda, lakini kuna chumba na kuna uji. Shamba si mtoto. Mwachie, uje.

Kama huji, basi nisikilize. Nimesoma maneno ya yule mtu. Anakuchukia, ila akifika kwenye ng'ombe anasahau kukuchukia, halafu mwishoni anakumbuka. Unachezea mahali panapouma. Siku atakapojua ulikuwa unamchezea shere, hatagombania shamba tu. Atataka kukuumiza wewe.

Generoza

*

Shishiyu
27 Agosti 1995

Shemeji Luhaga,

Watu wanasema barua yako ile umeiota, kwamba hakuna aliyewahi kufunga mikia ya ng'ombe pamoja. Mimi nimefunga kwa kukosa kazi.

Gogo wanavuta. Lakini Ushirika amegundua ujanja. Akifika mahali anapoona panamtosha, analala chini na nira shingoni, na Ruksa anabaki amesimama ameinama kama mtu anayetafuta shilingi. Nimembembeleza, nimemwachia, nimemsukuma. Mzee mmoja hapa amenishauri nimwashie majani chini ya tumbo. Kesho nitajaribu moto.

Philomena

*

Bariadi
5 Septemba 1995

Philomena,

Ukimwashia ng'ombe moto, mimi mwenyewe nitakuja na sungusungu, na habari ya shamba tutaiweka kando kwanza.

Ng'ombe anayelala hajachoka. Anakupima. Amekuona unasimama pembeni unabembeleza, akajua wewe ni mtu wa kujadiliana naye. Usimpige, kwa sababu akipigwa akiwa amelala anajifunza kuvumilia fimbo, na huyo hutamwinua tena maisha yake yote. Mwachie hesabu ya pumzi chache, nenda nyuma yake kimya, ushike mkia karibu na ncha, uukunje mara mbili, kisha uung'ate. Kwa meno. Ung'ate kweli, si kama unaonja chumvi. Atasimama kama amesikia baragumu. Akisimama, mtaje jina na uendelee na safari kana kwamba hakuna kilichotokea. Usimsifu, usimkaripie.

Baba alining'atisha mkia wa ng'ombe nikiwa sijaota meno ya ukubwani. Mabula alikataa, akalia, akasamehewa. Sasa unaelewa kwa nini mmoja wetu alijua kazi na mwingine alipendwa.

Huyo Ushirika naanza kumwelewa. Si mvivu. Ng'ombe wa namna hiyo akishakubali, analima mpaka uzee bila kupotosha mstari. Mtu asiyejua angemuuza kwa mchinjaji.

Usidhani nakusaidia. Shamba lile nitalichukua.

Luhaga

*

Shishiyu
1 Oktoba 1995

Luhaga,

Nilipoisoma nilijua unanitukana. Nikasema mtu huyu anataka nitafune mavi ya ng'ombe mbele ya kijiji ili akacheke Bariadi. Siku nyingi sikufanya. Halafu Ushirika akalala tena, njiani, mbele ya wanakwaya waliokuwa wanarudi kanisani, na hasira zikanijaa mpaka nikaona heri kutukanwa. Nimeung'ata.

Amesimama. Mama yako, ambaye ndiye anayenishikia kamba mbele, alicheka mpaka akakaa chini. Ndiyo, mama yako. Ana miaka yake na miguu mibovu, lakini kila alfajiri anatangulia mbele ya wale madume. Anasema baba yako hakuwahi kumruhusu hata kusogelea.

Sasa nikuambie jambo lililoniuma kuliko mkia. Marcelo, dereva wa kampuni yako, alikuja hapa na watu wenye kamba ya kupimia. Wakapima shamba langu upande wa barabara. Nilipowauliza, Marcelo akasema kwa upole wote kwamba pale panajengwa ghala la pamba, na wakala ameshaahidi kiwanja. Kumbe hukutaka shamba la baba yako likae kwenye ukoo. Ulitaka kulitoa kwa kampuni ili usipoteze kazi. Kaburi la Mabula liko hatua chache kutoka pale walipochomeka kijiti chao. Kijiti nimeking'oa, nimekitia jikoni.

Philomena

*

Bariadi
14 Oktoba 1995

Philomena,

Ghala lingewafaa wote. Wangeajiri walinzi, wangenunua pamba mlangoni pako. Huwezi kuelewa biashara, kwa hiyo sitakueleza.

Ila Marcelo amenieleza mimi. Ameniambia aliwaona madume wako wakivuta gogo, wamenyooka kama reli, mikia imeachiwa tayari. Nikakaa nikafikiri. Hakuna ng'ombe waliochapwa mchana wa kwanza ambao leo wanatembea hivyo. Walioogopeshwa mwanzo huonekana hata wakizeeka. Nikamtuma mtu kwa Mayala. Mayala anasema hajawahi kukuona ukichapa ng'ombe, na hajawahi kusema lolote juu yangu.

Kwa hiyo ulinidanganya. Ulikaa hapo na kalamu, ukanitungia ujinga, na mimi mtu mzima nikawa naamka usiku kufikiria masikio ya ng'ombe wako. Nimeona aibu. Sijaiona aibu namna hii hata siku niliyotolewa kiwandani.

Mvua za kwanza zikinyesha wazee watakuja shambani, na mimi nitakuwepo. Watakapotaka kujua kama hao ng'ombe wamefundishwa, wataniuliza mimi, kwa sababu hakuna mwingine wa kuulizwa. Unajua neno langu lina uzito gani. Nikisema hawajui, hawajui.

Hii ndiyo barua ya mwisho utakayopata kutoka kwangu.

Luhaga

Ukianza na plau, Ruksa abaki upande wa kulia kama Marcelo alivyomwona, atembee ndani ya mtaro, kuta zake zitamzuia kutangatanga. Ushirika abaki kushoto, juu. Kinyume chake utajuta.

*

Shishiyu
21 Novemba 1995

Luhaga,

Nimengoja hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, basi naandika nazo.

Ulikuja umevaa suruali nyeupe. Ulisimama pamoja na wazee, mimi nikiwa nimeshika plau na mama yako mbele. Tukaenda hadi mwisho wa shamba, tukageuka, tukarudi. Hukutazama uso wangu hata mara moja. Ulikuwa unatazama miguu yao. Niliona midomo yako ikisogea walipogeuka, kama unawaambia kitu.

Mzee Ngeleja akakuuliza. Nilijua utasema hawajui. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, usiku kucha nilikuwa najiandaa. Kisha ukasema wamefundishwa, na vizuri kuliko maksai wowote walioko Shishiyu leo. Moyo wangu ulitaka kukushukuru, Luhaga. Ulitaka kweli.

Halafu ukaongeza kwamba aliyewafundisha ni wewe. Ukasema desturi ni desturi, mfundishaji lazima apewe ng'ombe. Wazee wakaniuliza kama ni kweli maarifa yalitoka kwako. Ningesema nini? Mama yako yupo, anajua. Nikasema kweli. Desturi ni kupewa ndama jike, wewe mwenyewe unajua, lakini sina ndama jike, na jike wa maziwa ndiye anayelisha watoto. Wazee wetu wakahesabu vichwa viwili vilivyo kwenye nira, wakaona vinagawanyika. Wewe ulikuwepo. Wewe kuliko wote ulijua kwamba waliozoea nira moja hawagawanyiki, na ulinyamaza, ukamfungua Ruksa kwa mkono wako.

Sasa wamesema nilipokwisha kulima ni pangu. Patakapofika Krismasi bila kulimwa panarudi kwenye ukoo. Nilianzia bondeni. Kilichobaki ni upande wa barabara, pale pale pa ghala lako. Ushirika nimemfungua. Anasimama upande wake wa kushoto hata akiwa hana nira, ameacha nafasi.

Sitakusamehe.

Philomena

*

Bariadi
6 Desemba 1995

Philomena,

Nilisema sitaandika. Lakini Marcelo amepita huko na kuja na habari ambayo sikuamini mpaka nikaisikia kwa mtu wa pili. Umemfunga ng'ombe jike kwenye nira. Mama yake Ushirika, yule mwenye maziwa. Umemweka upande wa Ruksa, na unalima.

Jike katika nira ni mwiko. Ukoo mzima unaona aibu. Ngeleja anasema hajawahi kusikia, na baba angekuwa hai angekufa tena. Watu watasema ni mimi niliyekufundisha na hilo.

Na tena umefanya vibaya. Marcelo anasema nira inainamia upande wa jike, na amechubuka shingo. Bila shaka. Jike ni mfupi, ana nguvu ndogo, na yuko mtaroni chini zaidi. Usiwabadilishe pande, nilishakuambia. Chukua pete ya mnyororo katikati ya nira, isogeze kuelekea kwa Ushirika, upana wa kiganja hivi. Kipande cha nira cha jike kikiwa kirefu zaidi, mzigo mkubwa unakwenda kwa dume. Mviringishie jike gunia shingoni. Mlimishe asubuhi tu, na usimkamue kabla ya kazi. Kama ana mimba, mfungue leo, shamba au hakuna shamba.

Kampuni imesema haiwezi kungoja wajane na ng'ombe wao. Imepata kiwanja kwingine, na kwingine huko kuna wakala wa huko. Mzani nimerudisha. Nadhani utafurahi.

Luhaga

*

Shishiyu
23 Desemba 1995

Luhaga,

Shamba limekwisha. Tumelima mpaka ukingo wa barabara jana, pamba imeingia ardhini, na mvua imenyesha juu yake. Wazee wamekuja wakaona, wakaondoka bila kunywa chai. Pete niliisogeza. Jike hana mimba, na shingo yake inapona.

Nimefurahi kwa habari ya mzani. Sitakudanganya katika hilo, nilikudanganya ya kutosha.

Ruksa ukitaka kumrudisha, njia unaijua. Usipotaka, Method amenipa dume wake nimfundishe, na tukimaliza atalima kwangu msimu mzima. Watu wengine wawili wameniuliza kama nitapokea wa kwao. Dume wa Method amekwisha kushikwa masikio. Ushirika atamwonyesha yaliyobaki.

Kwa hiyo nimeshajua. Sina cha kukuuliza tena, na wewe huna cha kuniambia. Usiniandikie. Barua zikija sitazijibu.

Philomena

*

Bariadi
28 Januari 1996

Shemeji Philomena,

Hukuniuliza, ila naona huenda Method hajakuambia kwamba dume wake alishawahi kufungwa nira na kuharibiwa, ndiyo maana anamtoa bure. Dume aliyeharibiwa haanzi na masikio. Anaanza kwa kusimamishwa karibu na wenzake wanaofanya kazi, yeye akiwa hana kitu shingoni, mpaka aone wivu.

Ruksa ninaye hapa nyuma ya nyumba. Nimemfunga nira na mmoja wa maksai wa Mabula. Jumapili nawakokotesha gogo kwenye njia ya nyuma ya soko, na Monika haniongeleshi, na vijana wa mjini wanapiga miluzi. Nikitaja jina lake anasimama, anageuza kichwa, anatazama nyuma yangu kama kuna mtu anayekuja. Nimebadili sauti, nimempa magadi. Kuna kitu ulikifanya kwake ambacho mimi sikukuandikia, na nimekesha nikikitafuta.

Mama hajambo? Ushirika bado analala?

Nitakuja naye kabla ya palizi, au sitakuja, sijaamua. Dume wa Method usimpige hata akikupiga teke. Andika anavyosimama, anakanyaga mguu gani kwanza, nitajua ameharibiwa wapi.

Nijibu, Philomena. Hata kwa matusi.

Luhaga